Kinyago cha Kujichongea: Nani Aieleze Sanaa ya Ziwa Tanganyika?

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika zama zao mchongaji alijulikana, mti alioukata ulijulikana, na jambo lililomfanya ashike tezo lilijulikana vilevile. Leo sisi watu wa ukingo wa Ziwa Tanganyika tumeupindua usemi huo. Vinyago walivyochonga babu zetu vinatutisha. Tukiviona tunageuza uso, au tunacheka, au tunanong'onezana neno "uchawi". Na pale ambapo havitutishi, tunamngoja mgeni aje atueleze maana yake kwa lugha yake, kisha tunayakariri maneno yake kama majibu ya mtihani.

Makala haya yanapinga mambo hayo mawili kwa pamoja. Tunashikilia kwamba kazi ya sanaa haiwezi kuthaminiwa kwa haki mpaka ielezwe kwa historia ya watu walioizaa na itazamwe kwa macho yao. Asiyeijua historia hiyo huona mti uliokatwakatwa. Aijuaye huona mtu, ukoo, msiba, tumaini, na mara nyingine huona pia aibu. Tena tunasema zaidi ya hapo: kuieleza sanaa ya ziwa hili ni wajibu wetu kwanza, sisi walimu na wanafunzi wa Kigoma na Ujiji, kabla ya kuwa hisani ya mtu mwingine yeyote.

Tunajua wapo watakaotujibu upesi. Watasema: "Sanaa iliyo bora haihitaji mkalimani. Uzuri hujieleza wenyewe kwa kila mwenye macho." Maneno haya yana utamu wake, na yamewasaidia baadhi ya watu wa mbali kuacha kuidharau kazi ya Mwafrika. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikizoeleka hufanya kazi ya uongo. Tuijaribu hoja hiyo kwa mifano.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa kusini-magharibi, wanaishi Watabwa. Hao si wageni kwetu. Ziwa hili halikuwa ukuta kabla ya wakoloni kuchora mpaka katikati ya maji, lilikuwa barabara. Waholoholo wako pande zote mbili. Wabembe na Wagoma walivuka wakafanya makao upande wetu, na mitaa ya Ujiji ina watu wengi wanaoitwa Wamanyema, ambao asili ya wazee wao ni Kongo. Chumvi ya Uvinza, ambayo wachunguzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilitafutwa na watu wa nchi nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani kufika huku. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya vinyago vya Watabwa, tunazungumza juu ya vitu vya jirani na ndugu.

Watabwa hupamba vigoda, ngoma, vikapu na vinyago vyao kwa safu za pembetatu ndogo zinazofuatana. Mtazamaji wa mbali anayeamini kwamba uzuri hujieleza ataziona pembetatu hizo na kuzisifu. Atasema zimepangwa kwa ulinganifu, na mkono wa fundi haukutetemeka. Ni kweli, lakini hajaona kitu bado. Watabwa wenyewe wana jina la pambo hilo. Huliita balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Sikio lake limekwisha kusikia neno letu wenyewe, mbalamwezi.

Sasa tuulize: mwezi mpya una nini hata uchongwe kila mahali? Jibu halimo katika mti. Limo katika maisha. Kwa watu walioishi katika milima na misitu, zile siku ambazo mwezi haupo kabisa zilikuwa siku za hofu. Simba alitembea gizani, adui alitembea gizani, na mwenye nia mbaya alitembea gizani. Ule mwezi mwembamba ulipochomoza magharibi, watu walipata tumaini kwamba giza halikushinda. Mwenye kuchonga balamwezi juu ya kigoda cha mkuu wake alikuwa akisema neno zito juu ya uongozi na juu ya ujasiri.

Lakini mchukue mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga. Kwake yeye giza ndilo soko lake. Usiku usio na mwezi huwasha taa zake ziwani, ukatazama kutoka Kigoma ukadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji, na dagaa huifuata nuru hiyo mpaka wavuni. Mwezi ukikomaa, nuru ya taa hushindwa na nuru ya mbingu, naye mvuvi hupumzika na kushona nyavu zake. Mwezi ni mmoja, lakini kwa mtu wa milimani giza ni hatari na kwa mvuvi giza ni riziki. Basi nani atathubutu kusema kwamba pambo la mwezi hujieleza lenyewe? Kwanza tuulize ni mwezi wa nani.

Ndivyo ilivyo pia kwa ule mstari unaochorwa katikati ya mwili wa kinyago, kutoka kifuani kushuka tumboni. Mgeni atauona kuwa ni mstari wa kugawa umbo sawasawa. Watabwa huuita mulalambo, na neno hilohilo ndilo hutaja mgongo wa nchi unaogawa mito, huu ukienda huku na ule kule, na hutaja pia ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu usiku. Mwili wa mtu, nchi na anga vimesomwa kwa neno moja. Hiyo ni falsafa, nayo imehifadhiwa katika lugha na katika kovu la ngozi na katika mti. Asiyejua neno hilo hataipata hata akikizunguka kinyago mara mia.

Tutoe mfano mwingine, tulioushuhudia kwa macho yetu. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika kazi ya serikali, tulitumwa kuandikisha watu katika kijiji kimoja cha ukingoni, kusini ya Ujiji. Pamoja nasi alikuwapo kijana wa sekondari aliyetusaidia kuandika. Tuliingia katika nyumba ya bibi mmoja mkongwe ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka ng'ambo. Ndani ya kikapu, juu ya kipande cha kanga safi, kililala kinyago kidogo, urefu wake haukuzidi kiganja, kimepakwa mafuta mpaka kikang'aa. Kijana alirudi nyuma hatua moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo bibi. Hiki si kitu cha ushirikina?"

Bibi hakukasirika. Aliitikia marahaba, kisha akamwambia: "Mjukuu wangu, mimi nilizaa mapacha. Kurwa alifariki kabla hajaota jino. Doto yuko ziwani, anavua. Huyu ndiye Kurwa. Nilipomnyonyesha mwenzake, huyu nilimlaza titi la pili, asije akamwonea ndugu yake wivu."

Kijana alisimamisha kalamu. Tuliandika katika karatasi zetu kwamba nyumba ile ina watu wawili, lakini tulipotoka nje sote tulijua kwamba kwa mama yule hesabu yetu ilikuwa na kosa.

Desturi hiyo haikuwa ya bibi yule peke yake. Watabwa na makabila mengine ya nchi hizi walichonga mfano wa pacha aliyekufa, na mama akautunza kama mtoto, akauosha, akaupaka mafuta, akaulaza. Lile tulilokuwa tayari kuliita ushirikina lilikuwa malezi. Na huko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambako vinyago vya namna hiyo husimamishwa katika kabati la kioo, watu husifu ule weusi wao unaong'aa kama sifa ya mti. Weusi ule si sifa ya mti. Ni mafuta ya mkono wa mama, siku baada ya siku, kwa miaka.

Mfano wa mwisho ni mzito zaidi, nasi tunawaomba walimu waufikishe darasani bila kuupunguza. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili, walijenga kituo Karema, katika ukingo wetu wa mashariki. Mwaka 1882 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Luteni Émile Storms, na mwaka 1883 Storms akajenga kituo kingine ng'ambo ya pili, mahali paitwapo Mpala. Katika milima iliyo jirani na Mpala alikuwako mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Storms aliona kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wakuu wawili. Mwezi Desemba 1884 aliwatuma wapiganaji wake wa kukodiwa. Walimwua Lusinga, wakayaangamiza makao yake, wakamletea bwana wao kichwa chake. Pamoja na kichwa walileta nyara, na miongoni mwa nyara hizo ilikuwamo sanamu ya mti, mwanamume aliyesimama, nywele zake zimesukwa kwa ustadi mkubwa, mwili wake umejaa chale za ukoo. Ilikuwa sanamu ya ukuu wa Lusinga na ya nasaba yake.

Mwaka 1885 Storms alirudi Ubelgiji, na vituo vya Karema na Mpala vikapewa Mapadre Weupe. Vitu hivi viwili vilisafiri naye. Fuvu la Lusinga lilipimwa na daktari mmoja wa Brussels, na mwaka 1886 vipimo vyake vikaelezwa mbele ya chama cha wataalamu, kana kwamba lilikuwa jiwe lililookotwa njiani. Sanamu ilipamba nyumba ya Storms, kati ya mikuki na ngao. Baada ya kifo chake mwaka 1918, mjane wake alivitoa vitu hivyo kwa jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Fuvu baadaye likahamishiwa katika taasisi ya sayansi za viumbe. Sanamu ikabaki katika jumba la makumbusho, ikapigwa picha, ikaingizwa katika vitabu, ikasifiwa kuwa mojawapo ya kazi bora za uchongaji wa Afrika.

Tafakarini jambo hilo, enyi wanafunzi. Kichwa cha mtu kiliitwa sayansi, na sanamu ya nasaba yake ikaitwa sanaa. Vilitekwa siku moja, na watu walewale, kwa sababu ileile, kisha vikawekwa katika majengo mawili ili mtazamaji asivione pamoja. Anayesimama mbele ya sanamu ile na kusema "uzuri hujieleza wenyewe" anasema, bila kujua, kwamba mauaji ya mwaka 1884 hayamhusu. Hapo ndipo tunapokataa. Kuijua damu iliyomwagika hakupunguzi uzuri wa sanamu ile. Kunaturudishia sababu ya kuiheshimu.

Wala hatusemi hivyo ili kumfanya Lusinga malaika. Historia ya upande mmoja ni sawa na mtumbwi wenye kafi moja: hujizungusha mahali pamoja. Lusinga alikuwa mtu wa vita. Alipata bunduki kwa njia ambayo wakuu wengi wa siku hizo walizipata, yaani kwa kuteka watu na kuwauza katika misafara. Na misafara hiyo ilipita wapi? Ilipita hapa. Ujiji, mji wetu tuupendao, mji wa Kiswahili safi katikati ya bara, ulikuwa soko la pembe na soko la watu, na watu waliofungwa minyororo walianzia hapa safari ya kwenda Tabora na pwani. Anayetaka kuiona sanamu ya Lusinga kwa macho ya wenyeji lazima akubali kuiona pia kwa macho ya wale waliotekwa na Lusinga, maana nao walikuwa wenyeji. Ndiyo maana tulisema hapo mwanzo kwamba ajuaye historia mara nyingine huona aibu. Taifa lisiloweza kuitazama aibu yake litabaki kuhadithiwa na wengine.

Hebu sasa turudi nyumbani tuone tunavyohadithiwa. Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Huko huonyeshwa miembe, na jiwe, na sanamu za wazungu wawili wanaosalimiana kama walivyosalimiana mwaka 1871. Hatuna ugomvi na kumbukumbu hiyo. Livingstone alipigana na biashara ya utumwa kwa kalamu yake, na Ujiji ulimpokea na kumhifadhi. Lakini tunauliza: siku ile Stanley alipoingia mjini, je, mji ulikuwa mtupu? Waliojaa njiani kutazama walikuwa akina nani? Waliimba nini, walivaa nini, walikalia vigoda vya nani, mitumbwi yao ilichongwa kwa mti gani na mafundi wa wapi? Mtoto wa Ujiji anaweza kukueleza jinsi Stanley alivyovua kofia, lakini mwulize jina la mtawala mmoja wa Wajiji wa siku hizo, atatazama chini. Kosa si la mtoto. Ni letu sisi tuliomfundisha kwamba historia iliingia mjini siku ile pamoja na kofia.

Tukubali kosa letu kwa ukamilifu. Desemba 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalitaka taifa lirudishe fahari ya mila zake. Tuliitikia kwa ngoma, na ngoma zilifufuka kweli. Hakuna sherehe ya mkoa wetu isiyopambwa na ngoma za Waha. Lakini uchongaji wa ziwa hili tuliuacha. Wahubiri wengine wakavikusanya vinyago na kuvichoma, nasi tukakaa kimya. Wafanyabiashara wakavinunua vijijini kwa bei ya chumvi, nasi tukakaa kimya. Sisi tuliosoma tulikuwa wabaya zaidi, kwa maana tulikuwa na kalamu na hatukuandika.

Hatumwambii mtu aiache dini yake. Wengi wetu tunaswali, na wengi wetu tunakwenda kanisani. Kuelewa si kuabudu. Mwislamu anaweza kusoma juu ya mapiramidi ya Misri asiwe mtumishi wa Firauni, na Mkristo anaweza kuzisoma hadithi za miungu ya Wagiriki asichinje ng'ombe mbele ya sanamu. Iweje basi akili hiyo ituishie tunapofika kwa bibi zetu? Kinachotufunga macho ni kasumba, ile iliyotufundisha kwamba cha mgeni ni historia na cha kwetu ni ushenzi. Tusiisingizie dini.

Mtu aweza kusema kwamba tunadai jambo gumu mno. Basi tutazame mbali kidogo, kwa watu wa barafu wa kaskazini ya Kanada. Hao ndio Wainuiti, ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Waeskimo. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya huko iliwapa watu hao vibati vyenye namba, kwa sababu maofisa waliona majina yao ni magumu, na wachongaji wengine wakawa wanatia namba hizo chini ya kazi zao. Mwaka 1949 michongo yao ya mawe na pembe ilianza kuuzwa katika mji wa Montreal, ikapendwa upesi. Wanunuzi walisifu usafi wa umbo na kuiita sanaa ya watu wa kale wasioguswa na dunia. Kumbe watu hao walikuwa wameguswa sana. Katika miaka iliyofuata familia zao zilihamishiwa katika makazi mapya na watoto wao wakapelekwa shule za bweni za mbali. Mchongo wa mwindaji na sili ulikuwa kumbukumbu ya maisha yaliyokuwa yakiponyoka mikononi, tena ulikuwa njia ya kupata chakula. Mnunuzi aliona mnyama mzuri wa jiwe; mchongaji alikuwa akisimulia habari zake mwenyewe.

Je, Wainuiti walikaa kimya? La. Waliunda vyama vya ushirika vya wasanii wao. Walidai majina yao mahali pa namba. Mwaka 1999 walipata jimbo lao, Nunavut. Na mwaka 2021, katika mji wa Winnipeg, lilifunguliwa jumba kubwa la sanaa yao lililopewa jina la Kiinuiti, Qaumajuq, maana yake "inang'aa, ina nuru", na maonyesho yake ya kwanza yakapangwa na Wainuiti wenyewe. Tunapoliona jina hilo tunakumbuka balamwezi. Watu wa barafu na watu wa ziwa la joto wamechagua neno la nuru. Tofauti ni kwamba wale wameliandika juu ya mlango wao, na sisi letu tumeliacha katika vitabu vya wageni.

Huko Ubelgiji nako mambo yameanza kusogea. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa imesimamishwa hadharani mjini Brussels iliondolewa. Kuna wanaosema kwamba dawa iliyobaki ni moja tu: kila kitu kirudishwe kilikotoka. Nasi tunasema ni haki, na kwa mabaki ya binadamu ni zaidi ya haki, ni adabu ya kawaida ya kuzika wafu. Lakini tunaongeza onyo. Kitu kinachorudishwa kwa watu wasiokijua hurudi kama mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Kitashushwa bandarini, kitahutubiwa, kitafungiwa chumbani, na mjukuu wa mchongaji atapita mlangoni akinong'ona neno lilelile: "uchawi". Elimu na itangulie, ili kitu kikifika kikute jina lake linamngoja.

Tena tusijisingizie kwamba hatuna pa kuanzia. Mwaka 1994 michongo ya Tanzania ilionyeshwa Berlin na Munich, na kitabu kikubwa cha maonyesho hayo kilichapishwa kwa Kijerumani na kwa Kiswahili pia. Wageni walijitaabisha kutuandikia kwa lugha yetu juu ya kazi za babu zetu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kukifungua? Ni heshima kubwa kuandikiwa, lakini ni aibu kubwa kuwa wa mwisho kusoma.

Basi, walimu wenzetu, tunaleta mashauri matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, mwanafunzi afundishwe maswali matano ya kuuliza mbele ya kila kazi ya mikono, iwe kinyago, kigoda, ngoma au kikapu cha Waha. Nani alikitengeneza? Alikitengeneza kwa ajili ya nani? Kilikaa wapi, na nani aliruhusiwa kukishika? Wenyewe walikiita nani au nini? Na mwisho, kilitokaje mikononi mwao? Swali la tano ndilo ambalo kwa muda mrefu majumba ya makumbusho hayakupenda kulisikia, na ndilo lenye historia ndani yake.

La pili, wazee wasikilizwe sasa. Lugha zilizobeba maneno haya, Kiholoholo, Kitongwe, Kibende na nyinginezo, zinapungua wasemaji. Watongwe wa milima ya Mahale, ambao sehemu ya nchi yao yenye mizimu yao iligeuka hifadhi ya taifa mwaka 1985, wana kumbukumbu ambazo hazimo katika kitabu chochote cha watalii wanaokuja kutazama sokwe. Kila mwanafunzi anayekwenda likizo ana babu, bibi au jirani. Amwamkie, akae chini, aulize, aandike neno kwa neno katika daftari, pamoja na jina la msemaji ikiwa mwenyewe ameridhia. Kazi hiyo ni bora kuliko insha kumi juu ya faida za maonyesho ya sanaa.

La tatu, tujifunze kukieleza kitu chetu mbele ya mgeni bila haya na bila majivuno. Atakapouliza habari za Ujiji, tumweleze Livingstone, kisha tumweleze waliompokea. Tumweleze soko la watumwa bila kuficha, na tumweleze mafundi bila kuongeza chumvi. Na akisifu pembetatu nzuri, tumwambie kwa upole kwamba zile si pembetatu.

Kwenu wanafunzi tuna neno moja. Yule kijana aliyefuatana nasi siku ile katika nyumba ya bibi alikuwa na elimu yote ambayo shule ilimpa. Alijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Alichokosa ni swali. Alipouliza mara ya kwanza aliuliza kwa hofu, na hata hivyo alijibiwa kwa ukarimu, kwa sababu wenye vitu hivi hawajawahi kukataa kuulizwa. Sisi ndio tuliokataa kuuliza. Bibi yule amekwisha kufariki, na hatujui kikapu chake kiliishia kwa nani. Huenda kiko kwa Doto. Huenda kiliuzwa. Huenda kimo katika kabati la kioo ng'ambo ya bahari, na chini yake karatasi inayosema: mti, mchongaji hajulikani.

Sisi twajua kwamba alijulikana. Na aliyechongwa alijulikana pia. Jina lake lilikuwa Kurwa.